Dirisha la Kushoto

Mwezi uliopita tulimzika mama mkwe wangu, Mama Turfosa, nyumbani kwake Asembo Bay. Alikuwa ameishi miaka mingi kiasi kwamba hapakuwa na mtu kijijini aliyewahi kumwona akiwa msichana. Sisi wakwe zake wawili tulitengewa hema letu karibu na lango, mbali na nyumba alimolazwa, kwa sababu kwetu Waluo mwanamume hamsogelei mama wa mke wake. Heshima anayompa ni umbali. Pembeni yangu aliketi Okech, mume wa Rosa, dada mkubwa wa mke wangu Yunia. Siku hizi Okech anatembelea fimbo na sikio lake moja limechoka, lakini alikuwa amekataa kuletwa mazishini kwa gari lolote ila lile la ujana wake: gari dogo la michezo, jekundu lililofifia, lenye viti viwili tu na paa la turubai linalokunjwa nyuma kama mwavuli. Binti yake Akinyi, ambaye naye sasa ana mvi, ndiye aliyemwendesha kutoka Kisumu. Akaliegesha kando ya hema letu, akaanza kubonyeza swichi ya dirisha la kushoto. Kioo kilishuka vizuri, kikapanda kwa kujikokota, kisha kikasimama kikiwa kimebakisha upana wa kiganja. Akabonyeza tena. Akashuka, akazunguka, akaugonga mlango kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi. Ko, ko. Ulikuwa mlio mkavu, mwepesi, usiofanana kabisa na mlio wa bati. Nilipousikia mlio ule moyo wangu uliondoka hemani.

"Baba mdogo," Akinyi akaniita, "Baba anasema wewe ndiye unaijua hii dirisha."

"Ninaijua," nikamjibu. "Na yenyewe inanijua."

Okech akacheka mpaka fimbo ikamponyoka. "Muulize huyo mchungaji vizuri," alisema. "Hiyo dirisha ndiyo ilimpatia mke."

Nimekuwa mchungaji karibu maisha yangu yote ya utu uzima, lakini mwaka ninaotaka kuueleza ulikuwa kabla ya hapo. Nilikuwa nimeomba nafasi katika chuo cha Biblia, na jibu lililokuja lilisema nisubiri mwaka mmoja, nafasi zimejaa. Nilikuwa nimejifunza kazi ya waya za magari, basi nikaja Kisumu kutafuta riziki ya kunivusha mwaka huo. Nilinung'unika sana. Niliona kama Mungu ameniweka nyuma ya gari pamoja na gurudumu la akiba. Leo, nikiwa na umri huu, ninapoomba huwa ninamshukuru kwanza kwa mwaka ule, kabla ya miaka ya madhabahuni, kwa sababu karibu kila kitu nilicho nacho kilitoka humo. Wakati ule sikujua. Nilijua tu kwamba wenzangu walikuwa wakisoma Kigiriki, na mimi nilikuwa nimelala chini ya lori la miwa, matope yakinidondokea jichoni.

Gereji ilikuwa pembezoni mwa mtaa wa Obunga, na mwenyewe alikuwa Baba Njeri, mtu wa Nyeri aliyekuja Kisumu kuuza vipuri akaishia kuyatengeneza magari yenyewe. Alinipa chumba nyuma ya duka lake la vipuri. Chumba kilikuwa cha mabati pande zote, na ukuta mmoja ulikuwa ni huohuo wa nyumba yake, kwa hiyo tuliishi kama watu wa nyumba moja waliotenganishwa na pazia la chuma. Ndani mlikuwa na kitanda cha mbao, sanduku la waya zilizokatwakatwa, na msumari wa kutundikia shati langu la Jumapili. Nje wanawake walikaanga samaki tangu asubuhi, na moshi wao ulinukisha mpaka Biblia yangu. Ninayo bado, na ninaapa kuna kurasa zinazonukia. Jioni Mama Njeri alinipakulia githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na siku nyingine alinunua samaki pale nje kwa heshima yangu, nasi tukamtazama Baba Njeri akila kama mtu anayetegua mtego, akitoa mwiba mmoja mmoja na kuupanga ukingoni mwa sahani. "Nyinyi Waluo," alikuwa akisema, "Mungu aliwapa chakula yenye sindano ndani, na bado mnamsifu." Alikuwa bingwa wa injini, lakini waya zilimtisha. "Injini ni kama ng'ombe," aliniambia siku ya kwanza. "Unaiona ikikula, unaiona ikinya. Lakini waya ni uchawi. Hiyo utafanya wewe." Usiku kabla ya kulala, yeye na mkewe walisali kwa Kikuyu. Sikuelewa neno hata moja, isipokuwa katikati ya yale maneno nilisikia mara kwa mara jina langu, Zablon, likipita kwenye mabati. Nimesikia mahubiri mengi tangu wakati huo. Sidhani kuna lililonijenga kuliko kusikia jina langu ndani ya lugha nisiyoijua.

Okech alikuja na gari lake msimu wa mvua za masika. Alikuwa karani bandarini, kijana mtanashati, na gari alikuwa amelinunua kwa injinia Mzungu wa kiwanda cha sukari aliyekuwa akirudi kwao. Mji mzima ulilijua. Watoto walilikimbilia, na alipopita sokoni akina mama walimwimbia. Lakini siku ile alikuja akilisukuma.

"Fundi," alisema, "watu wakiniona ndani ya hii kitu wanafikiri nina raha. Sina raha. Ukiwasha taa kubwa, honi inalia yenyewe, tena kwa huruma, kama ndama. Ukikanyaga breki, taa ya ndani inawaka. Na madirisha ukiyabonyeza yanafanya yanavyotaka. Nimepeleka kwa watu watatu."

"Iache," Baba Njeri akamwambia. "Urudi wiki ijayo."

"Wiki ijayo itakuwa bure," Okech akasema, na hapo uso wake ukabadilika, akatueleza.

Mama mkwe wake alikuwa anapofuka. Jicho moja lilikuwa limekwisha zamani, na la pili lilikuwa na wingu lililozidi kila mwezi. Katika hospitali moja ya misheni mjini alikuwa amekuja daktari wa macho, mgeni aliyefika mara moja kwa mwaka akakaa juma moja tu, na siku yake ya mwisho ya kupasua ilikuwa Alhamisi. Wagonjwa walipokewa asubuhi peke yake. Basi la kutoka Asembo lilifika mjini adhuhuri, na kulala mjini usiku wa kuamkia siku hiyo Mama Turfosa hakukubali, kwa sababu nyumba pekee aliyokuwa nayo mjini ilikuwa ya mkwe wake, na mama mkwe halali kwa mkwe. Likabaki gari. Gari nalo lilikuwa na viti viwili: wa dereva na wa mgonjwa. Rosa hakujua kuendesha. Kwa hiyo ingebidi Okech na mama mkwe wake waketi bega kwa bega njia nzima, jambo ambalo kwetu halifanyiki. Watu wa zamani waliogopa kwamba linaleta chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, na hata sisi wa kanisani tuliona haya. Mama Turfosa alikuwa amefikiri sana akatuma jibu: atakubali, ikiwa paa litakunjwa na madirisha yatashushwa. Gari lililofunguka, alisema, ni kama barabara, na barabarani mtu anaweza kupita karibu na mkwe wake. Gari lililofungwa ni chumba. Chumbani na mkwe wake hataingia, hata akipofuka.

"Kwa hivyo shida ya huyu mama ni dirisha," Baba Njeri akasema taratibu, akijaribu kuelewa mambo ya wenyeji.

"Shida ni dirisha," Okech akajibu, na hatukucheka.

Nilifanya kazi siku nzima. Nilikuwa na kipimo changu, balbu ndogo yenye waya mbili. Waya moja unaibana kwenye mwili wa gari, nyingine unagusa pale unapotafuta umeme, ambao sisi mafundi tunauita moto. Balbu ikiwaka, moto upo. Isipowaka, moto haujafika. Niligusa swichi za madirisha, balbu ikabaki giza. Nikagusa waya za mlangoni, giza. Nikagusa hata pale ambapo niliona kwa macho yangu kwamba moto upo, kwa maana taa ilikuwa ikiwaka, na bado kipimo kikaniambia hapana. Nikabadilisha fyuzi, nikavuta waya mpya, nikaomba, nikafungua tena nilichofunga. Jioni madirisha yalikuwa palepale. Okech hakuweza kungoja. Kesho yake, siku ya Jumanne, gari lilisukumwa likawaka, akaenda Asembo hivyohivyo.

Alirudi peke yake, amelowa, ameketi kwenye maji. Alisimama mlangoni mwa duka akatuambia yaliyotokea. Alipofika, mvua ilikuwa imeanza. Mama mkwe akatoka akiongozwa na binti yake mdogo, akashika gari, akalipapasa, akakuta kioo cha upande wake kimepanda juu. Akamwambia akishushe. Okech akabonyeza. Gari zima likanyamaza, taa, honi, kila kitu. Mama Turfosa akasimama mvuani, akaugonga mlango kwa kidole chake.

"Mnajua aliniambia nini?" Okech akasema. "Mbele ya watu wote. 'Okech, mwanangu, hii si gari. Umeniletea kibuyu.'"

Baba Njeri alicheka mpaka akashika meza. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe, na Okech mwenyewe mwishowe akacheka, ingawa machozi yalikuwa karibu. Kisha aliinama akasema, bila kumwangalia mtu, "Anataka kumwona mtoto wangu. Akinyi amezaliwa wakati wingu limeshafunga. Hajawahi kumwona."

Nilitoka nje nikalitazama gari. Sijui nilitaka kufanya nini. Labda kuliomba msamaha. Nikaugonga mlango kwa kidole, kama yule mama. Ko, ko. Nikagonga lori la miwa lililokuwa pembeni. Lile liliita kama sufuria. Nikarudi kwenye gari la Okech. Ko, ko. Nikachukua msasa nikakwangua rangi karibu na bawaba, nikitafuta chuma. Ikatoka rangi nyekundu, ikatoka ya kijivu, kisha zikatoka nyuzi za manjano kama katani iliyogandishwa na gundi. Nikaendelea kukwangua kwa hofu.

"Unakwangua mpaka wapi?" Baba Njeri akauliza nyuma yangu. "Unataka kutokea upande ule mwingine?"

"Baba Njeri, hakuna chuma."

Akaja, akagusa, akanusa kidole. "Ni faiba," akasema. "Hii mwili yote ni faiba. Kumbe tumekuwa tukifunga waya kwenye kibuyu."

Ni lazima nilieleze hili kwa wasiojua magari. Umeme hutoka kwenye betri kwa waya, hufanya kazi yake kwenye taa au kwenye mota ya dirisha, kisha ni lazima urudi kwenye betri. Katika magari mengi haurudi kwa waya. Hurudi kupitia bati la gari lenyewe, na njia hiyo ya kurudi tunaiita erthi. Gari la Okech lilikuwa na chasisi ya chuma chini, lakini juu lote lilikuwa faiba, isiyopitisha kitu. Waliolitengeneza walikuwa wameweka kwa kila taa na kila mota waya mweusi wa kurudia. Fundi fulani kabla yetu aliziona zile nyeusi, akadhani ni za ziada, akazikata, akaufunga kila mwisho kwenye mwili wa gari kama ilivyo desturi. Tangu siku hiyo moto ulitoka ukakosa njia ya kurudi, ukawa unaazima njia za majirani. Ndiyo sababu taa kubwa iliikera honi, na breki ikaiamsha taa ya ndani. Na kipimo changu kilinidanganya kwa sababu nami nilikuwa nimekibana kwenye kibuyu. Nilikuwa nimetafuta siku nzima kwa nini moto haufiki, na moto ulikuwa umefika kila mahali. Nimewahi kukaa na watu wengi waliolia kwamba neema haijawafikia, nami huzikumbuka zile waya nyeusi, nikawauliza taratibu kama kuna mlango wa kurudi walioufunga.

Jumatano nilivuta waya mpya mmoja mmoja mpaka kwenye chasisi. Taa zikakaa sawa. Honi ikanyamaza mpaka iambiwe. Dirisha la dereva likapanda na kushuka, na Okech akalibonyeza mara nyingi kama mtoto. Dirisha la kushoto, la upande wa abiria, lilinishinda. Lilishuka lote bila tatizo, lakini kupanda ni kazi nzito kuliko kushuka, na mota yake ilikuwa imedhoofika kwa kukosa umeme wa kutosha miaka yote ile. Lilipanda, likachoka, likasimama limebakisha upana wa kiganja. Nikalisukuma kwa mikono, nikatia mafuta, nikafungua mlango tena. Jioni ilikuwa imefika, na kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya daktari.

"Na mvua hii," Okech akasema, akiangalia mawingu juu ya ziwa. "Paa lazima ifungwe, matope yako magotini. Ikifungwa, mama hapandi na mimi."

Baba Njeri alikuwa akifuta mikono. Akanielekezea kidole. "Huyu anajua kuendesha," akasema. "Na huyu si mkwe wa mtu."

Jambo lilikuwa rahisi hivyo, na sisi Waluo wawili hatukuwa tumeliona. Akanivalisha koti lake kubwa la mvua kama mzazi anayempeleka mtoto shule, na alfajiri nikaondoka.

Nilifika Asembo kukiwa kumepambazuka, gari limepakwa matope mpaka kwenye kioo. Msichana alitoka na kikombe cha chai na viazi vitamu kwenye sahani ya bati. Aliniangalia kwa muda, akaliangalia gari.

"Wewe ndiye fundi uliyefunga waya kwenye kibuyu?" akauliza. Habari zilikuwa zimefika kabla yangu. Sijui kwa njia gani, hata leo.

"Nimezifungua," nikasema.

"Sawa. Kunywa chai, usiufunge mdomo." Huyo alikuwa Yunia.

Alimshika mama yake mkono akamketisha kitini, akamfunika miguu kwa leso, akatuambia atatufuata kwa basi. Mama Turfosa alikuwa mwanamke mrefu, mnyamavu, aliyevaa gauni lake jeupe la kanisani kwa safari ya hospitali. Nikamwomba radhi kwamba dirisha lake halifungi lote, na nikamweleza, kwa heshima yote, kwamba moto unafika mlangoni pale lakini hauna nguvu. Tulizungumza Kiluo, na Kiluo kina neno moja tu, mach, kwa moto wa jikoni na kwa umeme. Akashtuka, akasogea upande wangu.

"Mach iko kwenye mlango wangu? Na unanikalisha hapo?"

"Si ya kuunguza, Mama. Ni ya taa."

"Ah," akasema, akarudi mahali pake polepole. "Basi uwe unamalizia sentensi zako, kijana. Utawaua watu kwa mahubiri." Yunia alikuwa amemwambia kwamba nangoja chuo cha Biblia.

Mvua ilitukuta kabla ya Kombewa. Iliingia kwa ule upana wa kiganja ikamlowesha bega la kushoto. Nilisimamisha gari, nikataka kuliziba pengo kwa koti la Baba Njeri. Akanizuia kwa mkono.

"Liache," alisema. "Ukiniwekea hilo, nitajuaje tuko wapi?" Na kweli, alikuwa akisafiri kwa pua na masikio. Aliniambia tumefika kwenye kinu kabla sijakiona. Alisema hapa wanachoma mkaa, hapa ni shule, hao ni watoto wa darasa la chini maana wanasoma kwa kuimba. Holo alilitambua kwa harufu ya ng'ombe wa mnadani. Karibu na Kisian, ziwa liliposogea, alivuta pumzi ndefu. Nikamuuliza, akipata macho tena, anatamani kuona nini kwanza. Nilidhani atasema ziwa.

"Mtoto wa Rosa," akasema. "Nimembeba mara nyingi. Ninamjua kwa uzito tu. Namjua kama mtu anavyojua gunia." Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, "Sitaki kufa nikimjua mjukuu wangu kama gunia."

Nilikuwa nikijiandaa kuwa mtu wa kuwaombea wengine, na pale sikupata sala yoyote. Niliendesha tu. Ninaamini Mungu aliihesabu safari ile kuwa sala. Tulipoingia lango la hospitali muuguzi alikuwa akiandika wa mwisho katika foleni, na wa mwisho akawa yeye.

Yunia alifika na basi la adhuhuri. Tuliketi kwenye benchi la mbao nje ya chumba cha upasuaji mchana wote, tukila njugu karanga, tukisemezana kidogo. Alinisomea tenzi kutoka kitabu chake kidogo, zile alizokuwa akimsomea mama yake jioni. Nami nilimweleza habari za erthi, jambo ambalo si la kumweleza msichana, lakini alisikiliza.

Kesho yake bendeji iliondolewa. Tulikuwa wote: Okech amesimama mlangoni, mbali kama inavyompasa, Rosa amemshika Akinyi, mtoto wa miezi michache, mnene, amekasirika. Mama Turfosa alipepesa jicho kwa muda mrefu. Lilikuwa likitoa machozi na hatukujua kama ni ya dawa. Rosa akamsogeza mtoto. Mama Turfosa hakumshika. Alimwangalia tu, uso mzima, taratibu, kutoka paji la uso mpaka kidevu, kama mtu anayesoma.

"Ana masikio ya Okech," akasema mwishowe. "Pole, mtoto wangu."

Wodi nzima ilicheka, na kutoka mlangoni Okech ndiye aliyecheka kuliko wote, akilia. Kisha yule mama akageuka akaniona mimi. "Na huyu ndiye dereva wangu?" akasema. "Mdogo hivi? Ningeona, nisingepanda."

Mwishoni mwa mwaka ule nilirudi Asembo kwenda kumposa Yunia. Baba Njeri alikuwa mmoja wa wazee niliokwenda nao, amevaa suti, akitazama samaki waliopakuliwa mbele yake kwa uvumilivu wa Kikristo. Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka mdogo wa marehemu baba mkwe, Mzee Ochieng, alipokohoa.

"Kuna neno," alisema. "Huyu kijana alikaa na mama wa msichana ndani ya gari. Kutoka hapa mpaka Kisumu. Paa imefungwa. Bega kwa bega, ndani ya chumba. Sasa anataka awe mkwe. Mtu anaanzaje kuwa mkwe wa mama aliyeketi naye chumbani?"

Hakuwa mtu mbaya Mzee Ochieng. Alikuwa mlinzi wa mambo ya watu wake, na aliogopa kwa niaba ya watoto wetu ambao hawajazaliwa. Na aliyosema yalikuwa kweli. Nilimwona Yunia kivulini mwa mlango wa jikoni, amesimama na jagi la maji, hatembei.

Baba Njeri akasimama. "Wazee," alisema, kwa Kiswahili chake cha Nyeri, "mimi ndiye mwenye gereji. Naona aibu kusema hii, kwa sababu ni jina ya kazi yangu. Lakini dirisha ya kushoto ilitushinda. Ilikataa kufunga. Walienda mpaka Kisumu ikiwa wazi."

"Wazi namna gani?" Mzee Ochieng akauliza.

Baba Njeri akanyoosha kiganja. Na kabla hajaketi, sauti ya Mama Turfosa ikatoka jikoni, kutoka nyuma ya ukuta ambako ilimpasa kukaa.

"Mwambieni Ochieng lilikuwa wazi! Mvua ilininyeshea mimi, haikumnyeshea yeye! Chumba gani kinanyeshewa ndani?"

Mzee Ochieng alijaribu kuikaza sura yake, ikamshinda. Alicheka, wote wakacheka, na akasema kwamba nyumba inayonyeshewa ndani hivyo si nyumba, ni barabara. Tukaomba, na nikapewa mke.

Tangu siku ile sikuketi tena karibu na Mama Turfosa. Mwaka uliofuata nilikwenda chuoni, nikasoma Kigiriki nilichokililia. Kwa miaka yote niliyokuwa mkwe wake tulisalimiana kwa mbali, yeye nyuma ya ukuta, mimi chini ya mti wa uani, na Yunia akipeleka maneno katikati. Lakini kila nilipofika, kabla ya salamu nyingine yoyote, sauti yake ilitoka ndani ikauliza, "Dirisha liko wazi?" Nami nilijibu, "Liko wazi, Mama." Hayo yalikuwa mazungumzo yetu, na yalitutosha.

Ndiyo maana, siku ya mazishi, Akinyi aliponiomba nilitazame lile dirisha, sikukimbilia kulifunga. Niliinama, nikausogeza mpira wa mlango, nikaona waya wangu mweusi wa zamani, umekakamaa, ungali umeshika. Ni mota tu iliyochoka tena. Ningeweza kuisaidia kupanda kwa kiganja cha mkono, na mawingu yalikuwa yakikusanyika juu ya ziwa.

"Viti vitalowa, Baba mdogo," Akinyi akasema.

"Vitalowa," nikasema. "Liache hivyo leo."

Alinitazama, yale masikio ya baba yake yametokeza chini ya kitambaa, kisha akaiacha swichi. Nyuma yetu, nyumbani, wanawake walikuwa wameanza wimbo wa kumtoa Mama Turfosa. Yunia alitoka kati yao, akaja mpaka langoni akijifuta uso kwa leso, akasimama mbele ya gari. Matone ya kwanza yalikuwa yakigonga paa la turubai. Aliangalia ule upana wa kiganja, akaniangalia mimi.

"Dirisha liko wazi?" akauliza.

"Liko wazi," nikamjibu.